Mapipa mawili au matatu? Kuchagua boti ya pontuni ya familia na ya kuvulia kwenye maziwa ya Minnesota

Anayeingia yadi ya boti kwa mara ya kwanza huangalia viti, spika na kivuli. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana vitu hivyo hung'arishwa kila asubuhi. Lakini viti hubadilishwa, spika huongezwa baadaye, na turubai jipya hupatikana wakati wowote. Mapipa, mataruma (mihimili inayobeba sitaha kwa chini) na injini ndivyo utakavyokaa navyo miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo tunaanzia chini, kwenye maji, halafu tunapanda juu. Maswali ya kwanza ni mawili: mtakwenda ziwa gani mara nyingi, na gari gani litavuta? Ukiyajibu kwa ukweli, nusu ya boti zilizopangwa yadini zinatoka kwenye hesabu hata kabla hujauliza bei.

Kwa asiyeifahamu, pontuni si pantoni la kuvusha magari kama la Kigamboni. Ni sitaha bapa yenye uzio mwembamba wa alumini kuzunguka, imekaa juu ya mapipa marefu yaliyozibwa, injini ikiwa nyuma. Asili yake ni hapa hapa Minnesota. Mwaka 1952 mkulima mmoja wa Richmond, Ambrose Weeres, aliunganisha mapipa ya chuma kwa kuyachomelea, akaweka jukwaa la mbao juu yake. Siku hizi mapipa ni ya alumini, na sehemu kubwa ya biashara hii iko Elkhart, Indiana, na viunga vyake.

Ziwa ndilo linaloamua

Lake Minnetonka, magharibi mwa Minneapolis, ni ghuba baada ya ghuba zilizounganishwa na njia nyembamba. Upepo ukichacha, unajificha nyuma ya rasi, mnaendelea na chai yenu. Shida ya Minnetonka ni Jumamosi alasiri, boti zinapokuwa nyingi na mawimbi yake yanagongana kutoka kila upande. Mille Lacs ni jambo jingine kabisa. Ni ekari 132,516, kama kilomita za mraba 536, ziwa moja la wazi lisilo na pa kujificha, na kina chake hakizidi futi 42. Uwazi mkubwa juu ya maji ya kina kifupi huzaa mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, yanayofuatana upesi. Pontuni ya mapipa mawili haipati muda wa kupanda wimbi la kwanza na kushuka kabla ya la pili kufika. Pua za mapipa zinachoma wimbi, maji yanapita chini ya geti la mbele na kutapakaa miguuni mwa watoto.

Basi kama maisha yenu ya majini ni ziwa la ekari mia chache karibu na nyumbani, au Minnetonka asubuhi na jioni, mapipa mawili yanatosha. Msishawishiwe kulipia la tatu. Kama theluthi ya safari zenu au zaidi itakuwa Mille Lacs, Leech, Winnibigoshish au Vermilion, anzieni mapipa matatu, au mfikirie boti ya kuvulia yenye umbo la V ambayo tutaifikia. Lake Superior haimo kwenye mjadala huu. Nje ya bandari ya Duluth si mahali pa pontuni ya aina yoyote.

Hesabu ya kuelea, ambayo watu wengi hawaifanyi

Pipa la kipenyo cha inchi 25, likizama lote, linabeba takriban pauni 213 kwa kila futi ya urefu wake katika maji yasiyo na chumvi. La inchi 23 linabeba pauni 180. Macho hayaoni tofauti ya inchi mbili, lakini uwezo wa kubeba unapanda kwa asilimia 18, kwa sababu hesabu inakwenda kwa mraba wa kipenyo.

Sasa ipakie boti. Chukua ya futi 22, yenye mapipa mawili na urefu wa futi 20 unaobeba kikamilifu. Boti yenyewe ni pauni 2,300, injini 360, mafuta galoni 30 ni kama 180, watu wanane 1,400, vyakula na vifaa 200. Jumla ni pauni 4,440. Mapipa ya inchi 25 yana uwezo wa takriban 8,500, kwa hiyo yamezama zaidi kidogo ya nusu. Kwa mapipa ya inchi 23, yenye uwezo wa 7,200, mzigo huo huo unayazamisha asilimia 62. Hapo ndipo boti inapokuwa nzito kwenye usukani, mafuta yanaliwa, na pua zinakaa karibu mno na maji.

Kanuni ya kushika ni kwamba boti ikiwa na watu wako wa kawaida, mstari wa maji usipite sana katikati ya pipa. Familia ya watu watano wanaoalika wengine watatu inahitaji inchi 25 kwenda juu. Wazazi wawili na watoto wawili wanaweza kutulia na inchi 23.

Kuna bango la uwezo karibu na usukani linalotaja idadi ya watu na pauni. Sheria ya shirikisho hulidai kwa boti za gamba moja zilizo chini ya futi 20, na pontuni hazimo, ila watengenezaji wengi huliweka kwa viwango vya chama chao, NMMA. Boti ikikosa bango hilo, dai maandishi ya mtengenezaji. Na bango likisema watu kumi na mmoja, isome kuwa ni watu wanane wenye starehe. Hakuna anayevua samaki akiwa amebanwa bega kwa bega.

Unene wa alumini uulizwe kwa namba. Inchi 0.080 ni ya kawaida kwa boti za bei ya chini, na 0.100 ni bora kwa anayepandisha boti kwenye fukwe zenye changarawe. Pipa liwe limegawanywa ndani kwa kuta, vyumba vitatu au zaidi, ili likitoboka sehemu moja maji yasienee. Kisha inama, chungulia chini ya sitaha uone mataruma. Yakiwa yametengana inchi 16, sitaha haitikisiki, lakini yakiwa inchi 24, baada ya miaka michache utahisi mbao zinacheza ukikanyaga. Tazama pia uzio na viti vimeshikwaje. Bolti zinazopita mpaka chini ya sitaha zinashinda skrubu zilizopigwa kwenye plaiwudi, maana skrubu hulegea kwa mtikisiko na kuacha tundu la maji.

Pipa la tatu linaleta nini hasa

Pipa la tatu peke yake huongeza kuelea tu. Kinachobadilisha boti ni mambo matatu yakiwa pamoja: pipa la tatu, mapezi ya kunyanyua yaliyochomelewa ubavuni mwa mapipa, na bati la alumini lililofunika mataruma kwa chini ili maji yasiyapige. Boti yenye vitu hivyo na injini ya HP (nguvu za farasi) 150 hupanda juu ya maji na kuteleza. Ikikata kona hulalia ndani, hasa pale pipa la kati linapokaa chini kuliko ya pembeni. Ya mapipa mawili hubaki bapa au husukuma abiria kuelekea nje ya kona. Mtu wa kuvuta watoto kwenye tairi la maji au kuteleza kwa ubao anaona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Lakini pipa la tatu lenye injini ya HP 90 ni pesa iliyotupwa. Umeongeza uzito na msuguano bila nguvu ya kuvinyanyua, na unaweza kupitwa na boti ya mapipa mawili yenye injini hiyo hiyo. Na angalia kama pipa la kati ni refu kama mengine. Baadhi huishia theluthi mbili na kazi yake kubwa ni kubeba tangi la mafuta.

| | Mapipa 2, futi 20, HP 60 | Mapipa 2, futi 22, HP 115 | Mapipa 3, futi 23–24, HP 150 |
|---|---|---|---|
| Uzito wa kuvuta, pamoja na trela, mafuta na vitu | pauni 3,100–3,300 | pauni 3,900–4,100 | pauni 5,100–5,500 |
| Mwendo ikiwa na watu sita | maili 15–18 kwa saa | maili 22–26 kwa saa | maili 30–35 kwa saa |
| Kuvuta watoto kwenye tairi | mtoto mmoja mdogo | inawezekana | bila shida |
| Maji ya wazi yenye upepo | hapana | kwa tahadhari | ndiyo, kwa kiasi |
| Gari | minivani, kwa shida | SUV yenye uwezo wa kuvuta pauni 5,000 | pikapu au SUV kubwa |

Gari na trela

Mstari wa mwisho wa jedwali, wa gari, ndio unaovunja ndoto nyingi. Familia nyingi zina minivani. Toyota Sienna na Honda Odyssey huishia pauni 3,500 za kuvuta, na hiyo ni pamoja na trela, mafuta na kila kilichowekwa botini. Kuvuta zaidi ya hapo kunachosha breki na giaboksi, na ajali ikitokea bima itauliza. Hivyo mwenye minivani ana njia tatu: boti ya futi 18 hadi 20 yenye HP 60 au chini, kuiacha boti gatini msimu mzima, au kulipa mtu wa pikapu aishushe Mei na kuipandisha Oktoba. Njia hiyo ya tatu ni ya busara kuliko inavyosikika. Ukihesabu tofauti ya bei kati ya minivani na pikapu, safari mbili za kukodi kwa mwaka ni senti tu.

Upana wa boti nyingi ni futi 8 na inchi 6, ndio mwisho unaoruhusiwa barabarani bila kibali maalumu. Trela liwe la mbao ndefu zinazoshika kila pipa pande mbili. Trela la makasi, linalonyanyua boti kwa kuishika chini ya mataruma, lina magurudumu yaliyo karibu karibu na boti inakaa juu, hivyo linayumba kwenye upepo wa barabara kuu. Linafaa kutoka nyumbani hadi ziwani maili tano. Kwa boti ya mapipa matatu chukua trela la ekseli mbili lenye breki zake.

Injini: ongeza kabla ya kununua

Kosa la kawaida ni kupunguza injini ili bei ishuke. Boti ya futi 22 yenye HP 60 ikiwa na watu wawili inakwenda vizuri siku ya majaribio. Ikiwa na wanane na upepo wa mbele, injini inalia kwa nguvu zote na boti haiendi. Injini inayofanya kazi wakati wote kwenye ukomo wake hunywa sana na huchakaa mapema. Kwa futi 20 chukua HP 60 hadi 90, kwa futi 22 chukua 90 hadi 115, na kwa mapipa matatu anza 150.

Kati ya 90 na 115 usisite. Kwa Mercury, injini hizo mbili zina umbo moja la lita 2.1 na uzito wake unakaribia kuwa sawa, kama pauni 359, kwa hiyo unaongeza nguvu bila kuongeza mzigo tezini, yaani nyuma ya boti. Kwa injini ndogo ya 60, dai yenye giaboksi kubwa. Uwiano wa gia wa 2.33 kwa 1, badala ya 1.83, unaruhusu propela pana inayosukuma mzigo badala ya kukoroga maji. Pontuni ni nzito na haikimbii, na propela ndogo inayozunguka haraka haiifai.

Kuhusu mafuta, injini ya petroli ya aina hii ikifunguliwa yote hutumia kama galoni moja kwa saa kwa kila HP 10. HP 115 hula karibu galoni 11 kwa saa kwa kasi ya mwisho, na nusu yake au pungufu kwa mwendo wa matembezi. Tangi la galoni 30 linatosha siku nzima ya familia inayotembea kidogo na kuvua sana.

Sitaha: hapa ndipo uvuvi na starehe vinapogombana

Mipango ipo ya aina tatu. Ya starehe ina makochi mbele na nyuma, na haina pa kusimama mtu na fimbo ya kuvulia. Ya uvuvi ina viti vinne vya kuzunguka kwenye kona nne, matangi mawili ya samaki hai, na makochi machache. Ya mchanganyiko ina makochi mbele, viti viwili vya kuzunguka nyuma kwenye tezi, tangi moja la samaki na meza.

Kwa familia ambayo baba au mama ndiye anayevua na wengine wanatazama, chagua ya mchanganyiko. Ila jiulize mtavua vipi. Mkipenda kutia nanga na kuvua samaki wadogo kama crappie na sunfish pamoja na watoto, viti viwili nyuma vinatosha, watoto wanavulia juu ya uzio. Mkipenda kuvuta chambo taratibu kwa maili moja au mbili kwa saa mkitafuta samaki aitwaye walleye, mnahitaji viti vya nyuma na vishikio vya fimbo kwenye uzio, vikiachana angalau futi nne ili mishipi isisokotane. Mkivua na mota ya umeme iliyofungwa mbele, viti viwe mbele, maana nahodha wa mota hiyo anakaa omoni, yaani mbele kabisa. Hapo boti yenye makochi mbele tu itawaudhi kila safari.

Mota ya umeme yenye GPS imebadilisha uvuvi wa pontuni kuliko kitu kingine chochote. Uzio na turubai hushika upepo kama tanga, na boti husukumwa pembeni bila kukoma. Mota inayojishikilia mahali pamoja kwa GPS, Minn Kota huiita Spot-Lock, inaokoa kazi ya kutupa na kuvuta nanga kila dakika kumi. Kadiria pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za boti iliyopakiwa. Boti ya pauni 4,000 inataka msukumo wa 80, maana yake volti 24, yaani betri mbili, na kikata umeme cha ampea 60 karibu na betri. Msukumo wa 55 wa betri moja utashikilia asubuhi tulivu, lakini ukianza upepo wa maili 12 kwa saa utaona boti inarudi nyuma huku mota ikilia. Nanga bado ibebwe. Itupwe kutoka omoni, kamba ikiwa mara tano hadi saba ya kina. Kutia nanga kwa tezi ni hatari, kwani mawimbi yatapiga upande wenye injini ambako boti iko chini na nzito.

Sakafu iwe ya vinaili laini. Kapeti hunusa chambo ifikapo Julai, na ndoano ya miiba mitatu ikiingia kwenye nyuzi zake unaikata kwa kisu. Hata vinaili iliyofumwa hushika ndoano, ingawa kidogo. Chini ya vinaili kuna plaiwudi ya inchi 3/4, na ubora wa plaiwudi hiyo na dhamana yake ya maandishi ni muhimu kuliko rangi ya juu.

Kuna jambo dogo linalopoteza samaki wengi: sitaha ya pontuni iko juu ya maji futi mbili na zaidi, na uzio unaongeza futi mbili nyingine. Wavu wa mpini mfupi haufiki. Walleye akiletwa ubavuni huku mtoto ameinama juu ya uzio na wavu wa futi tatu, samaki anagonga pipa, ndoano inachomoka, kwisha. Nunueni wavu wenye mpini wa futi sita, na boti ikiwa imesimama, samaki mkubwa apokewe kwenye geti la nyuma ambako hakuna uzio.

Tangi la samaki hai likaguliwe kwa mkono. Washa pampu, ona maji yanaingia na kutoka, na uone shimo la kumwagia liko wapi. Minnesota inataka maji yote yamwagwe na vizibo vitolewe kabla ya kuondoka kwenye mteremko wa kushushia boti, na msafiri navyo barabarani vikiwa wazi, ili kome wavamizi wa zebra wasihamishwe ziwa hadi ziwa. Tangi lisilomwagika lote kwa sababu ya shimo kukaa juu litawagharimu dakika ishirini za kukausha kwa taulo kila jioni.

Kwa starehe, geti ndilo la kupimwa kwanza. Bibi mwenye mkongojo anataka upana wa inchi 28 au zaidi na sitaha iliyo sawa na gati, asipande wala kuruka. Hapa pontuni haina mshindani. Meza iwe ya kushikiliwa kwa mguu imara, chupa za chai ziwe na pa kusimama. Jiko la mkaa lisipande botini kabisa, kwani kuna petroli na mito ya vinaili. Nyama ichomwe ufukweni, au litumike jiko la gesi lililotengenezwa kwa ajili ya kufungwa kwenye uzio, upande wa mbali na tangi, boti ikiwa imesimama. Na kama kutakuwa na wanawake na watoto kwa saa sita, chumba cha kukunjwa cha choo na kubadilishia nguo kina thamani kuliko spika zote.

Pontuni au boti ya kuvulia ya umbo la V?

Boti ya alumini ya futi 18 yenye gamba la V, kama zile za Lund zinazotengenezwa New York Mills, Minnesota, inakata wimbi la Mille Lacs kwa namna ambayo pontuni haiwezi. Inakaa chini, upepo hauishiki sana, na mvuvi anaweza kurudi nyuma polepole juu ya mwamba mmoja akifuata walleye. Inavutwa kwa urahisi pia. Kwa upande wa pili, watu wanne tayari wamejaa, kivuli ni kidogo, na mtu mzima mwenye magoti mabaya anaingia kwa kushikwa mikono. Baada ya saa mbili watoto wanataka kurudi nyumbani.

Mwenye mvuvi mmoja wa dhati na familia inayokuja mara mbili kwa msimu anunue V. Mwenye familia inayokuja kila wiki anunue pontuni na akubali kuwa siku za upepo mkali atavulia ghubani. Tunaona wengi wakinunua V kwa ajili ya uvuvi, kisha wanaenda peke yao.

Pua kuzama, na watu wanaokaa mbele ya uzio

Hatari kubwa ya pontuni ni kwamba inaonekana haina hatari. Watoto hupenda kupita geti la mbele na kukaa ukingoni, miguu ikining'inia. Boti ikipunguza mwendo ghafla, mtoto anaanguka mbele na boti inampita juu, propela ikiwa nyuma. Geti lifungwe kabla injini haijaingia gia, na hakuna mtu mbele ya uzio boti ikitembea, hata kwa mwendo wa kinyonga.

Jambo la pili ni pua kuzama. Hutokea watu wengi wakikaa mbele, boti ikakutana na wimbi kubwa, na nahodha akaogopa akarudisha mkono wa mafuta ghafla. Tezi inapanda, omo inashuka, na maji yanaingia sitahani. Punguza mapema, kabla ya wimbi kufika. Hamisha watu wawili watatu nyuma, inua injini kidogo kwa kitufe cha trimu ili pua ipande, na liingie wimbi kwa mshazari. Pua ikishaanza kuzama, usikate mafuta kwa mkupuo.

Jaketi la kuokolea liwepo kwa kila mtu na limkae sawasawa. Minnesota inataka mtoto aliye chini ya miaka 10 alivae boti ikitembea. Boti ya futi 16 na zaidi iwe pia na boya la kurusha. Tangu 1 Aprili 2021 sheria ya shirikisho inataka nahodha wa boti iliyo chini ya futi 26 ajifunge kamba ya kuzimia injini boti ikiwa kwenye mwendo wa kuteleza juu ya maji. Na tangu 1 Julai 2025, vijana waliozaliwa baada ya 30 Juni 2004 wanahitaji kibali cha Minnesota cha kuendesha boti yenye injini. Wengi wenye watoto wa chuo hawajalisikia hili.

Mpya au iliyotumika

Pontuni mpya ya mapipa mawili yenye HP 90 hadi 115 hucheza kati ya dola 30,000 na 45,000, na ya mapipa matatu huanza karibu 50,000 na kupanda haraka. Iliyotumika miaka kumi na kutunzwa inaweza kukuokoa zaidi ya nusu, kwa sababu alumini haiozi kama mbao. Ila ikaguliwe ikiwa juu ya trela, si majini.

Fungua vizibo vya mapipa kama vipo. Matone machache ni jasho la hewa, lakini maji yakitiririka, kuna tundu. Maji yaliyobaki ndani ya pipa huganda Januari, yanavimba na kupasua mshono, na hapo ukarabati unakuwa wa mchomeleaji wa alumini. Fundi anaweza kulijaza pipa hewa na kupaka maji ya sabuni aone mapovu, lakini shinikizo lisizidi psi 3, kwani pipa si tairi na litavimba. Pita kidole kwenye mishono ya pale injini inaposhikiliwa, ambapo nyufa ndogo huanzia. Tembea sitaha yote kwa soksi, ukikanyaga kwa kisigino karibu na mageti na chini ya usukani. Panapobonyea, plaiwudi imeoza. Kama mtu amebadilisha sitaha mwenyewe, uliza ametumia mbao gani, kwa sababu mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hula alumini zinapogusana na unyevu. Kwa sababu hiyo hiyo, rangi ya shaba ya kuzuia konokono isipakwe kwenye mapipa.

Anayefikiria kuitia kontena na kuipeleka nyumbani Afrika Mashariki azingatie maji ya huko. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, na mawimbi yake ya mchana ni yale yale mafupi ya Mille Lacs yaliyopata nafasi zaidi. Pontuni itafaa ndani ya ghuba ya Mwanza au ya Winam asubuhi, si kuvuka kwenda visiwani. Dar, Zanzibar na Mombasa kuna chumvi. Huko mapipa yanahitaji vipande vya zinki au alumini vya kuliwa na kutu badala yake, kuoshwa kwa maji ya bomba kila safari, na injini ipigwe maji safi ndani.

Malipo ya mwisho yasubiri safari ya majaribio yenye mzigo wa kweli. Wapeleke watu wanane, mafuta yakiwa yamejaa, mchana wenye upepo. Dai hili lisikwepwe na muuzaji. Angalia mstari wa maji kwenye mapipa boti ikiwa gatini, kisha fungua mafuta yote na usome mzunguko wa injini. Usipofika kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa injini nyingi za HP 115 ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, mapanga ya propela yana mwinamo mkubwa mno, na kuibadilisha kabla ya kusaini ni kazi ya muuzaji.